Kinyesi cha mbwa sokoni si cha kupuuzwa

Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, inajulikana duniani kwa ugonjwa wa uvimbe wa maji tumboni. AMREF ilianza kupambana nao huko mwaka 1983.

Mbwa akila maini au mapafu mabichi ya mbuzi mgonjwa hupata tegu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, yakamfikia binadamu kupitia mikono au maji machafu. Uvimbe hukua kwa miaka, mara nyingi kwenye ini, hadi upasuaji.

Masoko ya mifugo mipakani yaweke sheria ndogo: mbwa wasiingie machinjioni, matumbo yafukiwe, mwenye mbwa azoe kinyesi. Wanaorejea makwao na wafanyabiashara wazizingatie. Faini ni nafuu kuliko kupasuliwa.