Ndege ya kujitengenezea: adui ni kilo, sio injini

Leo tuongelee ndege. Sio zile kubwa za abiria, nasema hizi ndogo ambazo mtu anajiundia mwenyewe gereji kwa kufuata michoro. Marekani watu wanafanya sana, na chama chao, EAA, kipo tangu 1953. Nimesoma sana habari za hawa mafundi na kuna ugonjwa mmoja unajirudia: ndege inatoka nzito kuliko michoro ilivyosema.

Utasema, kilo 40 ni nini bwana? Tupige hesabu. Chukua ndege ya watu wawili ambayo mchoraji kasema isiruke ikizidi kilo 450. Ikiwa tupu inatakiwa iwe 250. Watu wawili wa kilo 75 ni 150. Zinabaki 50, zinatosha lita 50 za petroli (kama kilo 36) na begi. Sasa fundi kamaliza, anapima, ndege tupu ni 290! Wakikaa wote wawili zinabaki kilo 10, yaani lita 14 tu za mafuta.

Hapo ndipo mtu anajidanganya, anajaza tenki kama kawaida. Kwa makadirio, uzito ukizidi asilimia 10, umbali wa kukimbia kabla ya kupaa unaongezeka kama asilimia 20. Miti ya mwisho wa uwanja haina huruma.

Basi funga injini kubwa? Nayo nzito, inakunywa zaidi, inataka tenki kubwa na fremu ngumu ya kuishikilia. Umerudi pale pale.

Hizo kilo 40 hazikuingia siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kibaba kinakugeuka:

1. Gundi. Wanaojenga kwa faibaglasi wanamwaga epoksi nyingi wakidhani ndio uimara. Nguvu iko kwenye nyuzi za kitambaa. Kikishalowa vizuri, gundi inayozidi ni mzigo tu, ikwangue.

2. "Niongeze kidogo kwa usalama." Mchoro unasema bati la milimita 0.5, wewe unaweka la 0.8. Bati hilo limeshakuwa zito kwa asilimia 60.

3. Urembo. Puti, rangi mara tatu, siti nene, zulia, spika za muziki.

4. Mkia. Huu ndio mbaya kuliko yote. Kilo 1 ya ziada mita 3 nyuma ya kitovu cha uzito inataka kilo 3 mita 1 mbele ili ndege isikae mkia chini. Umebeba 4 kwa kosa la 1.

Dawa yake ni rahisi: mizani na daftari. Pima kila kipande kabla hujakifunga, andika, linganisha na mchoro. Usisubiri kupima siku ya mwisho, hapo rangi imeshakauka na hakuna cha kutoa.

Ila sikiliza hapa: punguza ulichoongeza wewe, sio alichoweka mchoraji. Usitoboe boriti ya bawa ili iwe nyepesi. Usibadilishe bolti za ndege kwa bolti za duka la vifaa vya ujenzi. Ndege nyepesi iliyokatika bawa haina faida kwa mtu.

Inawezekana? Sana tu. Mfaransa Michel Colomban alirusha Cri-Cri yake mwaka 1973, ina injini mbili, na ikiwa tupu ina kama kilo 78! Kuna wanaume wengi wanaizidi. Halafu kuna Voyager, iliyochorwa na Burt Rutan, jamaa aliyepata jina kwa kuchora ndege za kujiundia. Tupu ilikuwa kama kilo 1,020, lakini Desemba 1986 ilipaa na mafuta kama kilo 3,180. Dick Rutan na Jeana Yeager wakazunguka nayo dunia nzima siku 9 bila kutua wala kujaza tena.

Siri ni hiyo: kila kilo isiyo ya lazima ikitoka, nafasi yake inakaa mafuta au mtu.

Haya wadau, ingekuwa ya kwako, ungeanza kutoa nini? Usiniambie spika!