Je, Wajua? Bingwa wa Safari Anayetunzwa kwa Bisibisi

Je, wajua kwamba Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani, lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973? Mshindi wa mwaka 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya.

Lakini hata bingwa huhitaji matunzo, na adui mkubwa wa 240Z lililozeeka ni kutu. Halina fremu ya peke yake: bodi ndiyo hubeba injini, springi na abiria. Kutu ikishakula sakafu au bati lililo chini ya betri, rangi mpya haisaidii kitu. Bati bovu likatwe, jipya lichomelewe.

Injini yake, ya silinda sita na lita 2.4, ni imara sana. Kabureta zake mbili zina pistoni inayopanda kadiri hewa inavyoongezeka, na ndani yake mna oili kidogo ya kuichelewesha. Oili hiyo ikikauka, gari husitasita ukikanyaga mafuta ghafla. Fundi asiyejua hili huweza kubadilisha plagi bure. Tapeti nazo hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.20 upande wa kuingiza, 0.25 upande wa moshi.

Wanaotaka nguvu zaidi huweka injini ya lita 2.8 kutoka Datsun 280ZX. Ni ya ukoo uleule wa injini za L, kwa hiyo hukaa palepale pa zamani bila kukata bodi, na hilo ndilo badiliko ninalolipenda kuliko yote.