Mwanafunzi Ugenini na Majina Anayopewa

Aendaye kusoma ng'ambo hutarajia maswali ya vitabuni. Aghalabu swali la kwanza limkabililo halimo katika muhtasari wa masomo: wewe ni nani? Kwao alitambulikana kwa baba yake na ukoo wake. Akishavuka bahari huwa "Mwafrika" au "mtu mweusi" basi, hata kama hapo awali hakuwahi kuona haja ya kujitaja hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanafunzi wawili wa Afrika Mashariki walivyolikabili swali hilo, na jinsi linavyotugusa sisi tunaoshughulika na lugha.

Wa kwanza ni Kenyatta. Alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, na katika miaka ya 1930 alikuwa London. Hapo kwanza alikaa upande wa kuhojiwa: katika idara ya fonetiki ya University College alikuwa akitamka maneno ya Kikuyu ili Lilias Armstrong ayachunguze, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitolewa mwaka 1940. Wakati huo huo alipata kuketi darasani kwa Bronislaw Malinowski katika London School of Economics, na mwaka 1938 akatoa Facing Mount Kenya. Yafaa vitabu hivi viwili vitazamwe pamoja. Katika kile cha Armstrong sauti ni ya Kenyatta, hoja ni ya mwingine. Katika chake mwenyewe vyote viwili ni vyake. Jina alilolitia juu ya kitabu ni Jomo, si Johnstone, na picha yamwonyesha amejifunika joho la ngozi, akijaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Wako waichekao picha hiyo, maana mitaani London mwenyewe alivaa suti. Kicheko hicho, naona, kimekosa shabaha. Joho lile halikuwa vazi la kila siku, lilikuwa hoja. Mtu aliyezoea kuchunguzwa alikuwa amejichagulia sura atakayoonekana nayo.

Wa pili ni Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, aliyefika Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya taifa ya kandanda, akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Katika utangulizi wa African Religions in Western Scholarship asimulia kwamba katika mhadhara wa kwanza kabisa huko Oxford mwalimu aliwataja Waafrika kuwa ni washenzi, watu duni, makabila. Okot alipinga, hakusikilizwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1966, Song of Lawino ilitoka kwa Kiingereza, naye alikuwa ameitunga kwanza kwa Kiacholi. Humo mke asiyesoma ndiye amhojiye mume msomi aliyejifunza kuwadharau watu wake. Darasa limegeuzwa: aliyekuwa akielezwa sasa aeleza.

Hapa hatuna budi kujitazama wenyewe. Katika kuyatafsiri malalamiko ya Okot sikutafuta sana. Neno "washenzi" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nani alilinoa? Pwani ilimwita mtu wa bara mshenzi, na kinyume chake, "ustaarabu", ni neno lenye Uarabu ndani yake. Kwa hiyo mwanafunzi atokaye bara kuja kusoma Kiswahili chuoni hapa hapa nchini huenda akakutana, bila kupanda ndege, na jambo lile lile lililomkera Okot. "Kabila" nalo halina tusi katika asili yake, ila hutumiwa kwa upande mmoja: Wagikuyu na Waacholi huwa makabila, Waskoti huwa taifa. Ninaposahihisha insha sizuii neno hilo. Humwuliza mwandishi iwapo angeliwatumia Waskoti pia, na mara nyingi hulifuta mwenyewe kabla sijamaliza kuuliza.