Mfungwa akishitaki, mwenye hisa hutajwa

Nchini Marekani, mfungwa anayedai kuvunjiwa haki ndani ya gereza lenye kuendeshwa na kampuni binafsi huweza kuishitaki kampuni hiyo chini ya sheria ya mwaka 1871. Tangu Desemba 2002, Kanuni ya 7.1 ya mahakama za shirikisho huitaka kampuni hiyo itaje kampuni mama yake, pamoja na kampuni yoyote yenye hisa zinazouzwa kwa umma inayomiliki asilimia 10 au zaidi ya hisa zake. Kama hakuna, iseme hivyo kwa maandishi.

Shabaha ni jaji: akiwa na hata hisa moja katika kampuni inayoshitakiwa, hana budi kujitoa.

Hata hivyo, wamiliki ambao ni watu binafsi hawatajwi. Na mali huhamishika. Mwaka 2022 Corizon, iliyotibu wafungwa, iligawanywa: biashara ikaenda YesCare, madeni yakabaki Tehum, ambayo Februari 2023 iliomba kinga ya ufilisi. Wafungwa wenye madai wakapanga foleni na wadai wengine.

Mwekezaji, usiishie kwenye bei ya hisa. Uliza madeni yamebaki kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari.