WATOTO WENGI, MWALIMU MMOJA

Miongoni mwa mambo yasiyokwisha kuzungumzwa barazani hapa kwetu, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi mjini na Mingoyo, ni hili la madarasa ya shule za Serikali kujaa watoto kupita kiasi. Mmoja husema kosa ni la Serikali. Wa pili husema kosa ni la walimu wa siku hizi. Wa tatu hucheka na kusema wingi si neno, maana wazee wetu walisoma chuoni watoto chungu nzima kwa mwalimu mmoja na wakahitimu. Yafaa tulipime jambo hili kwa haki, kwa kuwa atakayepata hasara katika mabishano yetu ni mtoto, naye hakai barazani.

Kwanza tujue wingi huu umetoka wapi. Mwezi wa Novemba 1974, chama cha TANU kiliazimia huko Musoma kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakisomesha, na shule nyingi zikasomesha kwa zamu, hawa asubuhi na hawa mchana. Baadaye ada zilirudi, na mwaka 2001 zikaondolewa tena katika shule za msingi. Mwaka 2000 watoto wa shule za msingi walikuwa milioni 4 na kitu. Mwaka 2005 walikwisha pita milioni 7. Tena Januari 2016 ada ikaondolewa hata kidato cha nne. Majirani zetu nao walipita njia hiyo hiyo: Uganda mwaka 1997, na Kenya mwaka 2003.

Basi asili ya wingi huu ni kheri. Wengi wa watoto waliojaza madarasa ni wale ambao zamani wangalibaki pwani wakivua, au shambani, au jikoni pamoja na mama zao. Anayetamani zile siku za madarasa matupu na ajiulize ni mtoto wa nani angalitolewa nje ili mwanawe apate nafasi. Lakini kumfungulia mtoto mlango wa shule ni jambo moja, na kumsomesha ni jambo jingine. Kanuni ya Serikali yenyewe ni watoto 45 kwa darasa la shule ya msingi, na kila mzazi aliyepita dirishani kwa darasa la kwanza anajua mwenyewe alichokiona. Uchunguzi wa Uwezo wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, kiasi cha 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Hiyo ndiyo hasara yenyewe: mtoto kuvaa sare, kwenda na kurudi miaka saba, na mwisho asiweze kusoma barua ya baba yake.

Sasa tumjibu yule asemaye kuwa wingi si neno. Chuo cha zamani na darasa la leo havikupangwa namna moja. Chuoni kila mtoto ana ubao wake au juzuu yake, huendelea kwa mwendo wake, na mwalimu humsikiliza mmoja mmoja kabla hajavuka. Mkubwa humsomesha mdogo, na mwalimu husahihisha. Darasani watoto wote hupewa mstari mmoja kwa wakati mmoja, na asiyeshika leo, kesho huachwa. Kwa hiyo watoto 100 wa chuo si sawa na watoto 100 wa darasa. Hata Waingereza, walipokosa walimu, walishika njia ya mkubwa kumsomesha mdogo. Andrew Bell aliitumia huko Madras, India, katika miaka ya 1790, na Joseph Lancaster aliitumia mjini London kuanzia mwaka 1798.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Huko Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985, watoto wengine waliwekwa katika madarasa ya watoto 13 hadi 17, na wengine katika madarasa ya 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walisoma vizuri zaidi. Lakini magharibi ya Kenya, mwaka 2005, darasa la kwanza katika shule 140 liliongezewa mwalimu, na watoto wakapungua kutoka 80 na zaidi hadi kiasi cha nusu yake. Waliobaki kwa walimu wa zamani hawakupata faida kubwa, maana baadhi ya walimu hao walilegeza juhudi. Waliofaidi ni wale waliosomeshwa na mwalimu mpya, aliyeajiriwa na kamati ya shule kwa mkataba, na hasa pale wazazi waliposimama imara kuangalia kazi. Tunajifunza kwamba hesabu ya watoto ina uzito, lakini hesabu pekee haisomeshi. Kadhalika chumba. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, nchi yetu ilijenga vyumba 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini chumba kisicho na mwalimu ni kivuli tu.

Ndugu zangu, dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri, mateka wa Makka waliojua kuandika nao hawana fidia, walipewa kila mmoja watoto 10 wa Madina awafundishe. Tazameni mambo mawili. La kwanza ni idadi: kumi. La pili, nalo ni kubwa zaidi: mateka hakuachwa huru kwa kukaa na watoto siku kadhaa, bali kwa watoto kujua. Naye Ibn Sahnun wa Kairawani, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, katika kitabu chake cha adabu za walimu alimlazimisha mwalimu kuwafanyia watoto uadilifu, maskini sawa na tajiri. Darasa likijaa, uadilifu huo ndio unaokufa kwanza, kwani mwenye sauti husikilizwa, na mnyonge wa nyuma husahauliwa.

Basi tufanye nini? Enyi wazazi, elimu bila ada si elimu bila wajibu. Utaratibu wa kuondoa ada ulimwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mtoto. Hudhurieni mikutano ya shule, na msiulize habari za madawati tu; ulizeni kama watoto wanajua kusoma. Msimu wa korosho ukifika, msimtoe mtoto shuleni. Na jando lingoje likizo. Katika darasa la watoto 45, aliyekosekana huonekana. Katika darasa la watoto 100, hapana wa kumwulizia, wala mwalimu hana nafasi ya kumrudia.

Nanyi vijana mliomaliza kidato cha nne na mnaongoja kazi, kila mmoja achukue watoto 10 wa mtaa wake, awakalishe ukumbini mwa msikiti baada ya Alasiri, awasikilize kusoma mmoja mmoja. Hayo hayahitaji mkopo wala jengo.

Wala haya hayaiondolei Serikali deni lake. Walimu wa kutosha kwa mikoa yetu ya kusini ni haki, na haki hudaiwa kwa adabu na bila kuchoka, kwa diwani na kwa mbunge. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Serikali itaulizwa, mwalimu ataulizwa, nasi wazazi hatutasalimika kwa kusema darasa lilijaa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika malezi ya watoto wetu. Amin.