Ndege Mlangoni

Msikilizaji, wiki hii twende California, Marekani, kwenye mtaa wa Cameron Park. Huko ndege hulala nyumbani kama gari. Barabara zina upana wa mita 30 hivi ili mabawa yapite, na vibao vya barabarani na masanduku ya barua vimewekwa chini chini, visigongwe. Mitaa ya namna hii si mipya: Fresno waliuanza wao mwaka 1946, vita vilipokwisha na marubani wakarudi.

Raha yake naiona. Hulipi kodi ya banda uwanjani, na injini ikikusumbua, jirani ni rubani mwenzako.

Lakini katika mitaa mingi ya aina hii njia ya kurukia ni mali ya wakazi. Lami ikipasuka wanachanga wote, hata mzee aliyekwishaacha kurusha. Akitaka kuuza nyumba, wanunuzi ni wachache. Na kelele je? Kwa rubani ni muziki. Kwa mwenye mtoto mchanga ni jambo jingine kabisa. Mimi ningelala huko Jumamosi na Jumapili kwanza, ndege zinaporuka kwa wingi, kisha nimuulize mkazi asiyerusha.