Mama, Wasomee Watoto wa Jirani

Wamama wa Mikelenge, mtoto anayeingia shule bila kuwahi kufungua kitabu anakutana na mambo mawili mapya pamoja: maandishi na Kifaransa. Tumpunguzie mzigo mapema, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Kujitolea kusomea watoto hakuhitaji diploma. Waketishe wachache kivulini, wote waone picha. Soma polepole, kisha uliza: “Huyu anafanya nini? Sasa itakuwaje?” Mama asiyejua kusoma asimulie picha, mtoto atafaidika pia.

Kitabu hakuna? African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini, unatoa hadithi za Kiswahili bure. Simu moja ya kikundi inatosha kuzipakua. Nusu saa kila juma: nani ataanza?